Taa ya Kivukoni Ilibaki Kijani

Nyinyi wanafunzi mliokuja kwangu kutoka chuo cha Kabianga wiki juzi, mkamaliza chai yangu chupa mbili na kuniuliza redio zinajuaje zamu zao, niliwajibu vibaya. Nilikuwa na ng'ombe wa kukamua na mvua ilikuwa inakuja. Leo nimekaa, magoti yananiuma, sina pa kwenda, kwa hivyo nitawajibu vizuri. Lakini kwa njia yangu. Michoro na hesabu mko nazo darasani. Mimi nina Kogo, nina Mzee Kariuki, na nina alasiri moja ambayo nikiikumbuka mikono yangu bado inapoa.

Jina langu ni Chepkemoi. Nilikuwa fundi wa redio za data huku kwenye chai, kati ya Kericho na Bomet, mpaka nikastaafu. Nikisema redio watu hufikiria nyimbo na matangazo ya matanga. Hizi zangu hazina hata spika. Ni sanduku la plastiki la ukubwa wa mkate, lina betri, lina antena, lina waya unaokwenda kwenye sola ndogo. Kazi yake ni kupokea ujumbe mfupi kutoka kwa mwenzake na kumpelekea mwenzake mwingine. Basi, ni hiyo tu. Mama mkwe wangu alinisikia nikieleza hivyo akauliza kama kweli nililipiwa karo ya chuo kwa ajili ya umbea.

Sasa sikilizeni tulikuwa tunatumia umbea huo kwa nini. Mto wetu unatoka juu, msitu wa Mau. Huku chini kuna kivuko, bamba la saruji ambalo maji hupita juu yake, na siku za kawaida hayafiki hata kifundo cha mguu. Wavunaji wa ng'ambo huvuka asubuhi kuja mashamba ya upande huu, na alasiri hurudi kwao na vikapu mgongoni. Shida ni kwamba mvua inaweza kumwagika msituni na huku chini jua linawaka. Mto unajaa ghafla, na mtu aliye katikati ya bamba hana pa kukimbilia. Kabla ya redio mto ule ulikuwa umekwisha chukua watu. Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, mama mpole, na hatukumpata hadi siku ya tatu. Kwa hivyo kazi hii sikuifanya kwa mshahara peke yake, nawaambia ukweli.

Masanduku yalikuwa mengi, lakini kwa hadithi hii matatu yanatosha. La kwanza lilikuwa juu msituni, linapima kina cha maji. La tatu lilikuwa kivukoni, lina taa kubwa juu ya nguzo: kijani vuka, nyekundu simama. Kati yao kuna mlima, na redio hazioni kupitia mlima. Kwa hivyo la pili liliwekwa mgongoni mwa mlima, kwenye boma la bibi mmoja, linaona huku na linaona kule. La msituni likisema "maji yamepanda", la mlimani linapokea na kulipasha habari la kivukoni, na taa inageuka.

Hapo ndipo swali lenu linaingia. Sanduku haliwezi kukaa macho siku nzima, betri itakufa, hasa ile miezi ya baridi ambapo jua la Kericho linatokea kusalimia tu. Kwa hivyo yote yanalala. Kila baada ya dakika chache yanaamka pamoja, yanasikilizana kufumba na kufumbua, yanalala tena. Ni kama pikipiki ya maziwa inayopita barabarani kwenu. Ukifika na mtungi wako wakati mwenye pikipiki ameshapita, maziwa yako yako sawa na pikipiki yake iko sawa, lakini hamkukutana. Ukienda mapema sana utasimama hapo mpaka uchoke. Kwa redio, kuchoka ndiko kumaliza betri.

Na ndiyo maana saa zao lazima zikubaliane. Sanduku moja linakuwa mwenye saa. Letu lilikuwa la kivukoni, lilikuwa linapokea saa kutoka kwa setilaiti. Linalipatia saa la mlimani, la mlimani linalipatia la msituni. Na lazima lirudie, maana ndani ya kila sanduku kuna kijiwe kidogo kinachopiga mapigo ya saa, na kijiwe hicho kinasikia joto na baridi. Kikiwa na joto sana kinachelewa. Kinachelewa kidogo mno, huwezi kuona, lakini baada ya nusu siku kidogo hicho kinakuwa kirefu kuliko kile kipindi cha kusikilizana.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Kariuki, si chuo. Chuo kilinipa cheti. Mzee Kariuki alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio soko la Chepilat. Wazazi wake walikuja huku kutoka Nyeri yeye akiwa mgongoni, na alikuwa anaongea Kikipsigis cha kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Nilipoanza kazi nilipanda mlingoti nimevaa sketi, maana suruali nyumbani kwetu ilikuwa vita, na yeye ndiye aliyeninunulia bwelasuti ya kwanza. Aliniita kairitu, yaani msichana, na hata nilipokuwa na watoto wanne hakuacha.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. Alinisimamisha mbele ya kibanda, akanifunga macho kwa kitambaa cha kufutia solda, akaniambia nihesabu moyoni mpaka mia moja halafu nipige makofi. Yeye naye akafunga macho akahesabu. Tulianza pamoja. Mimi nilipopiga makofi, yeye alikuwa ameshapiga na kukaa anakunywa uji. Soko zima lilicheka. "Umeona?" akasema. "Wewe unajua kuhesabu, mimi najua kuhesabu. Lakini tusipoulizana njiani tunaachana."

Alipozeeka akafunga kibanda, akapewa kazi ya kulinda kivuko. Alikuwa na kizuizi cha mti na kamba, na aliangalia taa yangu. Alijivuna nayo. Aliwaambia wavunaji, "Hiyo imefungwa na mwanafunzi wangu," na mimi nikisikia nilikuwa najifanya nimeinama kufunga kamba za viatu.

Na Kogo. Kwetu kogo ni bibi, na huyu alikuwa kogo wa mlima mzima. Jina lake la ubatizo ni Sarah lakini hakuna anayelitumia. Boma lake lilikuwa mahali pekee pale juu panapoona msitu upande mmoja na kivuko upande mwingine. Nilipokwenda kumwomba tuweke sanduku kwake, alinikaribisha na mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, nikanywa kikombe, akaongeza, nikanywa, na aliposikia ni kitu cha kuzuia mto kula watu hakuuliza swali lingine. Nikalifunga kwenye nguzo kando ya jiko lake, sola juu ya bati. Kuna kataa kadogo ndani kanakometa sanduku likiwa hai. Nikamwambia, "Kogo, hili ni mtoto wako sasa. Litunze kama unavyotunza mbegu yako ya mahindi."

Maneno hayo nimeyajutia miaka mingi, mtaona kwa nini.

Kosa langu mimi lilianza mwezi wa baridi. Mawingu yalikaa juu ya mlima majuma mawili, betri zikaanza kuzimia. Nikakaa na kompyuta nikabadilisha mambo. Kwanza, badala ya masanduku kurekebisha saa kila yanapozungumza, nikaamuru yarekebishe mara moja tu kwa siku, alfajiri, yakiwa na kipindi kirefu cha kusikiliza. Pili, kwa siku yote iliyobaki nikakifanya kile kipindi cha kusikilizana kiwe kifupi zaidi. Betri zikapona. Nilijisifu. Nilikwenda kivukoni kupima asubuhi, ujumbe unapita. Juma lililofuata nikapima tena asubuhi, unapita. Kwa nini asubuhi tu? Kwa sababu huku kwetu mvua inanyesha alasiri, nyinyi mnajua, na mimi sikutaka kulowa. Hakuna fundi wa Kericho anayetoka na vifaa saa tisa mchana kama si lazima. Basi nikapima mtandao wa mvua saa ambazo mvua hainyeshi.

Kuna kosa la tatu na hilo lilikuwepo tangu mwanzo. Taa ya kivukoni niliipanga ibaki kijani mpaka iletewe habari ya maji. Hakuna habari, kijani. Niliona ni jambo la akili kabisa.

Siku yenyewe nilikuwa pale kivukoni, nimetoka kubadilisha balbu. Ilikuwa kama saa tisa na nusu. Jua lilikuwa linachoma, na wavunaji wa ng'ambo, akina mama sita, walikuwa wanakuja na vikapu wakicheka. Mzee Kariuki aliinama akachota maji kwa kiganja, akanusa.

"Yananuka udongo," akasema.

"Mzee, taa ni kijani."

"Naona ni kijani. Nasema yananuka udongo."

"Sanduku liko huko juu linapima. Unataka kuniambia pua yako inapima kuliko sanduku?"

Nilisema hivyo. Kwa mtu aliyeninunulia bwelasuti. Alinitazama kidogo, halafu akatabasamu kama mzazi ambaye mtoto amemshinda kusoma, akainua kizuizi. Akaingia majini mwenyewe, kama kawaida yake, asimame katikati ashike kamba akina mama wapite. Wanne walikuwa wamepita na wawili wako nyuma yake kwenye bamba, na mimi nimesimama na balbu kuukuu mkononi.

Ndipo tukasikia mtu anaita mlimani. Mbali sana, sauti ya mwanamke, ndefu. Halafu wavunaji wa shamba la chini yake wakaipokea, wakaita. Halafu shamba linalofuata. Sauti ilikuwa inashuka mlima kwa zamu, kila kundi likisikia linainuka katikati ya michai na kulipasha kundi la chini, na ilipofika kwa wale wa karibu nasi ndipo nikasikia neno. Beek. Beek. Maji.

Nilitazama taa. Kijani.

Mzee Kariuki hakutazama taa. Alimshika mama mmoja mkono, mwingine akamsukuma mgongoni, vikapu wakavitupa, na walitoka upande wa ng'ambo wakitambaa kwenye nyasi. Mto ulifika nyuma yao mwekundu, umebeba magogo. Ulichukua kizuizi, ukachukua kamba, ukachukua gambuti moja la Mzee Kariuki kutoka mguuni mwake. Aliketi ng'ambo na soksi moja imelowa, anahema, na kati yetu hakuna tena kivuko. Ilibidi apige kelele ili nisikie.

"Kairitu," akasema, "taa yako bado ni kijani."

Hakunitukana. Angenitukana ningepona mapema.

Nilipanda mlima jioni ile ile, kwenye matope, nikianguka. Kogo alikuwa jikoni. Nikaenda kwenye nguzo, sanduku halipo. Nikauliza, "Kogo, wameiba?"

"Nani aibe? Iko hapa," akasema, akanyoosha kidole juu.

Sanduku langu lilikuwa darini, juu ya moto, katikati ya magunzi ya mbegu. Limepakwa moshi mpaka limekuwa rangi ya kibuyu. Kataa kalikuwa kanameta vizuri kabisa. Alikuwa ameingiza nyaya za sola na antena kwenye lile tundu la kutokea moshi, kwa ustadi, hakuna hata mmoja aliokata.

"Sisimizi waliingia," akaniambia. "Wanataga mayai ndani. Nikasema hawa watakula mtoto. Huko juu moshi inafukuza dudu yote. Si uliniambia nitunze kama mbegu?"

Nikaketi kwenye kigoda. Nikaelewa kila kitu hapo hapo. Alfajiri moto haujawaka, sanduku limepoa, linarekebisha saa, linaongea na wenzake, na mimi niko kivukoni na vifaa vyangu nasema safi. Kogo anawasha moto, anapika ugali, anachemsha maziwa, kile kijiwe kinapata joto na saa inachelewa. Ikifika mchana sanduku linaamka wakati wenzake wameshalala, linasikiliza hakuna anayesema, linasema hakuna anayesikiliza. Lakini linameta. Liko hai, liko peke yake. Nilipompigia simu Kogo juma lililotangulia kuuliza kama linameta, alisema linameta sana, na hakudanganya.

"Na wewe ulijuaje kuita?" nikamuuliza.

"Niliona mto kule kwa kona imekuwa mwekundu. Nikasema sanduku imeshasema. Halafu nikaangalia chini, watu bado wanavuka. Nikajua hakuna mtu ameitikia." Akanimiminia chai. "Sisi tukiita hatunyamazi mpaka yule wa chini aitikie. Asipoitikia unaita tena. Sanduku yako inaitikiwa na nani?"

Chuo kizima, cheti kimewekwa fremu ukutani, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nililia hapo jikoni, moshi ukanisaidia kuficha, ingawa Kogo si mtu wa kufichwa.

Juma lile tuliitwa kikao. Meneja wetu alikuwa ameshaandika kwamba sanduku lilihamishwa na mwenye boma bila ruhusa, litaondolewa kwake, litajengewa ua wa waya mahali pengine. Ilikuwa barua nzuri kwangu. Ningenyamaza tu ningetoka mle ndani msafi, na Kogo angebaki bibi aliyetaka kuua watu kwa ujinga. Nilinyoosha mkono. Nikasema kama sanduku lingekuwa bado linarekebisha saa kila linapozungumza, lingekaa hata ndani ya chungu bila kupoteza zamu. Mimi ndiye niliyeondoa hilo. Mimi ndiye niliyepima asubuhi tu. Mimi ndiye niliyeipanga taa iseme vuka wakati haijui lolote. Nikaonywa kwa barua, na nilistahili. Sanduku likabaki kwa Kogo, likarudi kwenye nguzo yake.

Tulibadilisha mambo. Saa zinarekebishwa kila masanduku yanapozungumza, na betri nikaziongezea sola badala ya kuzibania. Kila ujumbe unaitikiwa, na usipoitikiwa unarudiwa. Na taa, hata maji yasipopanda, la msituni linasema "niko" kila zamu. Zamu mbili zikipita bila "niko", taa inageuka nyekundu yenyewe. Watu walilalamika sana mwanzoni. Madereva walinitukana, wavunaji walinyeshewa kwa ajili ya wingu lililozuia sola. Mzee Kariuki aliwajibu wote kwa kuinua mguu kuonyesha gambuti, maana alikataa kununua jozi mpya. Alivaa moja jeusi na moja la kijani mpaka alipoacha kazi.

Sisimizi nao? Dawa ya dukani ilishindwa. Kogo aliweka majivu kuzunguka mguu wa nguzo, na kila mvua ikiyaosha anaweka mengine. Sisimizi hawapiti. Ukienda kufunga kifaa chochote huku kwetu, muulize mwenye boma anafukuzaje wadudu kabla hujafungua mkoba wako.

Nilipostaafu, Kogo aliniuliza sasa nani atakuwa anakuja. Nikamwambia mafundi vijana. Akasema hao watakuja kuona sanduku, hawatakuja kumwona yeye. Basi tukapatana. Kila jioni akimaliza kukamua ananipigia, anasema neno moja, "Niko", anakata. Mimi nasema "Nimesikia", mara nyingi ameshakata. Mzee Kariuki alituacha akiwa kitandani kwake, usingizini, na siku ile Kogo alinipigia mara mbili.

Juma lililopita jioni moja simu haikulia. Nikasema labda hana chaji. Jioni ya pili haikulia. Nikampigia, inaita tu, haipokelewi. Mwanangu akaniambia nisubiri kesho, mvua ilikuwa inakuja, na magoti yangu haya. Nikamtazama. Nikavaa gambuti.

Nilipanda mlima ule nikisali kwa sauti. Nilifikiria kila kitu. Nilifika nimelowa mpaka mifupa, nikasukuma mlango wa jiko. Kogo alikuwa ameketi kando ya moto anamenya viazi, mzima kabisa. Vikombe viwili vilikuwa vimeshawekwa.

"Chamgei," akanisalimu. "Zamu mbili. Nilijua utakuja."

Nikauliza tu simu iko wapi. Akanyoosha kisu cha viazi juu, darini, kwenye magunzi ya mbegu, na nikaiona huko kwenye moshi, inameta.

"Sisimizi," akasema.